Kanga Juu ya Televisheni

Siku moja hainitoki, mwanangu, ingawa wewe uliyekuwamo huikumbuki. Ulizaliwa kabla ya miezi yako, unaenea viganjani mwangu, na nguvu za kunyonya huna. Wodini Bagamoyo wakaniambia nitakunywesha maziwa yangu kwa kikombe. Nikikosea, utapaliwa. Niliogopa hata kukugusa.

Tukawekewa filamu ya mafunzo kwenye televisheni. Juu mikono ya mwanamke inamnywesha mtoto, chini maelezo yanapita. Nami, msichana wa Zinga niliyesifiwa kwa kusoma, nikayasoma yote, sikubakisha neno. Ilipokwisha, Bi Mwajuma, nesi mtu mzima, akanipa kikombe cha maji na mwanasesere wa kitambaa nimwonyeshe. Nikamimina.

"Huyo umeshamzamisha," akasema. "Mikono uliitazama?"

"Nilikuwa nasoma, mama."

"Ndiyo hivyo. Macho uliyatuma kwingine."

Akaivuta kanga yangu begani, akaifunika televisheni nusu ya chini, akaianza filamu upya. Safari hii maneno akayasema yeye, polepole, akiifuata ile mikono: mkalishe, kikombe kiguse mdomo wa chini, usimimine, mngoje.

Subhanallah. Picha ile ile, maneno yale yale, lakini nikaona nisichokiona mwanzo: ulimi mdogo unatoka wenyewe, unayafuata maziwa. Jioni ile ulimi wako nao ukatoka, ukaramba, ukameza. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Juzi umenionyesha kwenye simu somo ulilowatengenezea kina mama wa Fukayosi. Picha nzuri, lakini umezijaza maandishi, na sauti hamna ila muziki. Mshika mawili, moja humponyoka. Picha liachie jicho, maneno liachie sikio. Maandishi usiyatupe, maana sauti ikipita imepita: wape kwenye karatasi wakayasome nyumbani kwa nafasi. Na asiyesikia mwandikie, ila usimharakishe, asome kwanza ndipo atazame.

Sauti yako naijua, ina upole, kazi yake ndiyo hiyo ya kuyasema maneno ya somo. Mwenyezi Mungu aibariki, iwafikie kina mama wenye hofu kama yangu, na watoto wao wayafuate maziwa kama ulivyoyafuata wewe.