Mama Ratiba na Jumamosi ya Chiriku

Muuguzi mkuu wa idara ya dharura alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini hata mumewe alikuwa karibu kulisahau. Kila mtu alimwita Mama Ratiba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipanga zamu za wauguzi kumi na wanne kwa penseli, rula na kifutio kilichobaki kama kucha. A ilikuwa asubuhi, J jioni, U usiku, na M, herufi iliyopendwa kuliko zote, ilikuwa mapumziko. Safu yake mwenyewe ilikuwa ya mwisho chini ya karatasi. Pengo lolote lililotokea juu liliteremka mpaka likamfikia yeye.

Alikuwa na sheria moja. Mwenye haja ya mapumziko aandike kwenye daftari la maombi, lililofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Ukimwomba koridoni, anaziba masikio.

"Kisichoandikwa hakijaombwa," husema.

Mwezi huo daftari lilijaa maombi ya Jumamosi moja tu. Mmoja aliandika kwamba anaumwa jino. Mwingine alikuwa na mgeni kutoka mbali. Bwana Plasta, mzee wa chumba cha vidonda, aliandika kwa herufi kubwa: HARUSI YA CHIRIKU, MIMI SIJUI KUDANGANYA.

Chiriku alikuwa muuguzi kijana mwenye maneno mengi na mikono myepesi kuliko wote kwenye kutafuta mshipa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado shuleni. Wiki chache nyuma alimfuata Mama Ratiba kwenye kabati la dawa, na kwa mara ya kwanza maneno yakamwishia.

"Mama, siku ile naomba usimame upande wangu. Pale pa mama."

Mama Ratiba alijifanya kuhesabu chupa za maji ya dripu. Alizihesabu mara tatu na kila mara akapata idadi tofauti.

Basi akakaa na penseli yake jioni nne mfululizo. Harusi ilikuwa saa nane mchana, saa ileile ya kupokezana zamu. Wa asubuhi wangefika ukumbini wamechelewa kidogo tu, na wa usiku wangecheza mpaka jua linazama. Waliobaki ni wanne wa jioni. Akazunguka, akabembeleza, akafuta, akaandika, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Hatimaye ikakamilika, na kwenye safu ya mwisho, chini kabisa, akajiandikia M. Aliitazama herufi ile kama mtoto anavyotazama kiatu kipya.

Asubuhi akaibandika ubaoni. Wauguzi wakajazana. Kelele za furaha zikaanza, kisha zikakatika, kisha Bwana Plasta akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Jamani, njooni muone! Bibi harusi yuko jioni pamoja nami!"

Mama Ratiba akavaa miwani. Kweli. Chiriku, Jumamosi, J.

"Wewe mtoto!" akasema. "Mbona hukuandika?"

"Mama, si harusi yangu mwenyewe? Nilidhani kila mtu anajua!"

"Kinyozi hajinyoi," Bwana Plasta akasema huku akifuta machozi. "Shela utavalia juu ya sare, mwanangu. Mimi nitakushikia maua na kipimo cha presha."

Watu wote walicheka, na Mama Ratiba naye alicheka. Lakini penseli ilipoifuta J ile, palibaki kisanduku kitupu, na yeye alijua visanduku vitupu huelekea wapi. Chiriku naye alijua. Aliacha kucheka kabla ya wengine.

Palikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Wodi ya watoto ilikuwa na wauguzi wa ziada mwezi ule, na mkuu wake alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa hajaongea na Mama Ratiba miaka sita ila salamu. Siku moja aliwahi kuja kuomba muuguzi mmoja tu, kwa siku moja tu, wa kwake wawili wakiwa na homa. Mama Ratiba hakuinua hata macho. "Kila mtu na ratiba yake," alimjibu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Alipanda ngazi taratibu kana kwamba zimeongezwa. Mkuu wa watoto alikuwa akikunja shuka ndogo zenye picha za twiga.

"Karibu, dada. Kumbe njia ya huku unaijua?"

"Naijua. Nilikuwa naona aibu kuipita."

Akaeleza yote, mpaka ya kabati la dawa. Mwenzake akaendelea kukunja.

"Siwezi kukupa muuguzi," akasema mwishowe.

"Nimeelewa, dada. Ni haki yako."

"Subiri, sijamaliza. Nitakuja mwenyewe. Mimi nilianzia dharura, wewe ukiwa bado unafunga bandeji kama unafunga mzigo. Lakini mwezi ujao mjukuu wangu anatimiza mwaka. Nani atanishikia wodi?"

"Mimi hapa."

Mkuu wa watoto akavuta daftari lake, akamsogezea.

"Andika basi. Kisichoandikwa hakijaombwa, au siyo?"

Walicheka mpaka mtoto wa kitanda cha tatu akaamka, akawanunia.

Jumamosi, saa nane kamili, Mama Ratiba alisimama ukumbini pale pa mama, ndani ya gauni la bluu ambalo mumewe alilisifu mara mbili bila kuulizwa. Mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na Chiriku kwa nguvu. Kwenye mwingine alichungulia saa, maana mazoea hayana likizo.

Muziki ulipoanza, simu ikatetemeka kwenye pochi. Akaifungua haraka. Ulikuwa ujumbe wa mkuu wa watoto.

"Wagonjwa kumi na mmoja, wote wanaendelea vizuri. Mmoja kameza kifungo. Bwana Plasta anauliza sahani yake. Zima simu, ucheze."

Akaizima. Chiriku alikuwa tayari anamvuta katikati ya ukumbi.