Mgongo Hauna Springi

Turubai lililoloweshwa na mikojo ya watoto, likafutwa kwa dawa ya kusafishia vidonda, likaanikwa na kulowa tena, hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote. Tangu nihamie Birmingham nimekutana na kitu kinachoikaribia mara moja tu. Nilikuwa nikisafisha nyumba ya wanafunzi kule Selly Oak, wenyewe wamekwisha kuhama, nikafungua kabati la chini ya ngazi na kukuta hema lililokunjwa likiwa bichi. Juu ya hema walikuwa wameacha vitabu. Mimi sikupita darasa la nane, na elimu niliyo nayo nimeiokota hivyo, katika vitu ambavyo watoto wa watu huviacha mwezi wa sita. Kabla sijafungua kitabu chochote siku ile, nilikaa kwenye ngazi nikiwa na kitambaa mkononi. Harufu ilikuwa imenirudisha Isiolo, kwenye baraza ya kliniki, katika mwaka ambao mvua za masika hazikuja.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa ameswaga ng'ombe kutafuta malisho na hatukujua yuko wapi. Mama aliuza maziwa ya ngamia kando ya barabara kuu, tangu alfajiri hadi mitungi iishe, na mwaka ule hata kujaa haikujaa. Kwa hiyo kila mwezi, Alhamisi ya kliniki, mimi ndiye niliyempeleka mdogo wangu Liban kupimwa. Alikuwa na miezi saba. Mizani ilining'inizwa kwenye boriti ya baraza: uso wa duara kama wa saa, mshale mwekundu, na chini yake ndoano iliyoshika suruali ya turubai yenye matundu mawili ya miguu. Mtoto alivishwa suruali hiyo akaachwa akielea hewani, springi ikalia kama mlango wenye kutu, na muuguzi akasubiri mshale utulie kabla ya kuweka nukta kwenye kadi. Nukta za Liban zilikuwa zimepanda kama ngazi. Mwezi wake wa saba zilisoma kilo sita na gramu mia mbili. Mwezi uliofuata mshale ulisimama kwenye tano na mia sita, na muuguzi akakigonga kioo kwa kucha, akatazama tena.

"Mama yako yuko wapi?"

"Anauza maziwa, sista."

"Mwambie maziwa yatangoja. Aje mwenyewe kesho, si mwezi ujao. Umenisikia, wewe? Huyu anapungua."

Nilisikia. Lakini siku mbili kabla ya hapo, Mwalimu Gitonga alikuwa ameingia darasani na mizani ndogo ya springi na jiwe alilolifunga kwa kamba. Alilining'iniza jiwe, akatuita mbele tusome. Kisha akaishusha mizani kwa ghafla, na sote tukaona mshale ukiruka juu, ukisoma kidogo kuliko mwanzo. "Jiwe limepungua?" aliuliza. Akajibu mwenyewe: "Halijapungua hata punje." Akaeleza kwamba kuna kiasi cha kitu kilichomo ndani ya jiwe, kile ambacho vitabu vya Kiswahili hukiita tungamo, nacho hakibadiliki popote uendapo. Uzito ni jambo jingine: ni nguvu ambayo ardhi inalivuta jiwe kwayo, na springi haijui chochote zaidi ya mvuto huo. Ukilipeleka jiwe mwezini, springi itasoma sehemu moja tu ya sita, na jiwe litakuwa lilelile. Mizani ya sinia mbili ni tofauti. Hiyo hulinganisha kitu na chuma, na mvuto ukipungua hupungua pande zote mbili, kwa hiyo jibu lake ni lilelile hapa na mwezini. Nilikuwa mwanafunzi bora wa darasa. Nililishika somo lote, neno kwa neno, na ndipo hatari ilipoanzia.

Jioni ile nilimwambia mama kwamba sista anamwita. Nikamwona anavyoinama. Safari moja kabla ya hapo sista huyo alikuwa amemkemea mbele ya wanawake wengine kwamba hajui kulea, na siku moja bila kuuza ilimaanisha sufuria tupu. Nilimhurumia. Basi nikamweleza kuhusu jiwe, na mwezi, na springi isiyopima mtoto bali namna ardhi inavyomvuta. Uzito umepungua, nilisema, lakini Liban mwenyewe hajapungua.

"Kwa hiyo mizani yao ni ya uongo?"

"Si ya uongo, mama. Inapima kitu kingine."

"Na huko mwezini watoto wanabebwa na nani?"

"Hakuna watoto."

"Ndiyo maana kumetulia," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha akaniuliza, bila kucheka, "Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema?" Nikajibu ndiyo. Sikuwa nimedanganya. Mwalimu alizungumza juu ya mwezi, nami niliushusha mwezi ule hadi nyumbani kwetu. Mama hakwenda kliniki kesho yake, wala kesho kutwa. Tumbo la Liban lilikuwa likimwendesha, na majirani walisema anaota meno.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, lakini mzigo huu ulikuwa wangu na bado ukageuka usufi. Nilimbeba Liban mgongoni kwa leso kila siku baada ya shule. Kati ya kisima na nyumba yetu kulikuwa na kilima kifupi chenye mawe, na mwanzoni mwa kiangazi nilikuwa nikipumzika mara mbili kabla ya kufika juu. Wiki chache baadaye nilipumzika mara moja. Kisha nikawa sipumziki kabisa. Nakumbuka vizuri nilivyofurahi. Nilidhani nimekuwa msichana mwenye nguvu. Hakuwa analia tena, na hilo pia nililihesabu kuwa jema: kichwa chake kilikuwa kimelala kati ya mabega yangu, kikavu na chenye joto, nami nilipanda kilima nikiimba.

Siku niliyotumwa mahindi, Mama Kanana mwenye duka alinitazama nilipogeuka kuondoka. "Hodan," aliniita. "Huyo mgongoni ni Liban?" Nikasema ndiye. "Hebu mlete." Alimwaga mahindi ya mteja mwingine kutoka kwenye sinia ya mizani yake, akatandika leso, akamlaza Liban. Kwenye sinia ya pili aliweka jiwe la kilo tano. Jiwe lilishuka likagonga meza, na ndugu yangu akapanda juu. Aliondoa lile jiwe, akaweka mawili ya kilo mbili mbili, kisha la nusu. Mkono wa mizani ukayumba, ukasimama sawa. Kilo nne na nusu. Nilisimama pale nikitafuta springi. Mizani ile haikuwa nayo, na katika duka lile lote ni mimi pekee niliyejua maana yake: hata mwezini ingesema hivyohivyo.

Mama Kanana alimfunga Liban mgongoni mwake mwenyewe, akaacha duka wazi, na alipopita kwa mama barabarani alisema neno moja tu, "Twende." Mama aliacha mitungi. Alilala hospitalini na Liban wiki tatu, na kwa siku nne za kwanza hakuna aliyetaka kuniambia lolote. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mficha maradhi alikuwa mtoto wa miaka kumi mwenye alama nzuri za sayansi, na kifo kilifika mlangoni kikageuka. Mama hakunilaumu hata siku moja. Badala yake alikigeuza kisa kuwa kichekesho, akakisimulia harusini na kwenye Idi: Hodan aliyempeleka ndugu yake mwezini. Liban alikua akikisikia hivyo, na hucheka kuliko wote.

Sasa Liban anaendesha basi hapa Birmingham, na kila Jumapili huja kula kwangu, Small Heath. Vuli hii niliona ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari. Nikampandisha kwenye mizani yangu ya bafuni. Ilisoma kilo nane chini ya zile alizoandikiwa alipopimwa kazini wakati wa kiangazi.

"Abaayo," aliniambia, yaani dada, "mizani yako imezeeka kama wewe. Na si ni ya springi? Springi haipimi mtu, inapima ardhi. Maneno yako hayo."

Nilimjibu kwa utaratibu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nilimweleza kwamba ardhi si duara kamili na inazunguka, na kwamba Isiolo iko karibu na ikweta, tena juu ya mwinuko, kwa hiyo mvuto wa kule ni mdogo kidogo. Birmingham huvuta zaidi, karibu sehemu nne katika kila elfu. Springi ileile ikiletwa huku, mtu wa kimo chake asiyebadilika ingemwongezea kama robo kilo. "Hapa unapaswa kusoma zaidi, Liban. Si chini."

"Basi ni kazi. Zamu za asubuhi. Na sili vizuri." Alikuwa akitazama dirishani. Ilikuwa mchana, na basi la Coventry Road lilikuwa likipita.

"Panda mgongoni," nilimwambia.

"Nini?"

"Panda."

Alicheka hadi akakohoa. Mwanamume wa miaka arobaini na mvi ndevuni, jikoni kwa dada yake. Lakini nilikuwa nimekwisha kumpa mgongo na kuinama, na tangu utotoni hajawahi kunikatalia nikiinama hivyo. Aliniweka mikono mabegani, nikashika magoti yake, nikasimama. Nikaungoja uzito, na haukuja wote.

"Haya, nishushe," alisema.

"Sikushushi mpaka uniahidi kwamba kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari. Mimi na wewe."

Alicheka tena, kidogo. Kisha akalaza kichwa kati ya mabega yangu, pale pale. "Haya, abaayo," alisema. "Kesho." Niliendelea kusimama naye kwa muda, nikiyasikiliza magoti yangu, mwanamke wa miaka hamsini aliyechoka kwa kufagia nyumba za watu. Hayakutetemeka hata kidogo. Safari hii sikufurahi.