Ghati Alikuwaga Mkimya

Mimi na Ghati tumeuza dagaa meza moja pale mwalo wa Mwigobero, mitumbwi inaposhusha samaki, miaka mingi, na kazi ya kuita wateja ilikuwaga yangu. Yeye alikuwaga mkimya mpaka watu wanafikiri tumegombana. Mimi Dorotea, mtoto wa Nyegina, mdomo wangu hauna breki. Yeye ni Mkurya aliyeolewa Butiama, akafiwa na mume, akaja kupanga mtaa wa Kitaji na mtoto wake mmoja tu, Burito.

Na adabu za ukweni alizishika kwelikweli! Baba mkwe wake aliitwa Werema, alishakufa zamani, lakini Ghati hajawahi kulitamka jina hilo. Huko kwao mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe, hata mzee akiwa kaburini. Pale mwaloni tulikuwa na Werema mwingine, muuza chumvi. Ghati alimwita Baba Chumvi.

"Siku moto ukishika hii meza, utamwitaje alete maji?" nilimchokoza.

"Nitaita Baba Chumvi kwa nguvu," alisema, akacheka. Tulicheka wote wawili.

Burito alikuwa Bunda, fundi wa kuchomelea mageti. Mbuyu ulianza kama mchicha. Akiwa kazini anazima mashine, anageuka, anauliza nani kaniita. Wenzake wakachukulia utani. Baadaye bosi wake akampigia Ghati simu: "Mama, njoo umchukue kijana, anajibizana na ukuta." Tulienda wote. Tulimkuta amechuchumaa nyuma ya karakana, ameziba masikio, machozi yanamtoka.

"Mama, waambie wanyamaze."

Hapakuwa na mtu.

Hospitali wakampa vidonge, wakatuandikia twende Mwanza kichwa kipigwe picha. Picha ikarudi safi. Daktari, dada mmoja mpole, akatuonyesha kwa kidole juu ya sikio lake la kushoto. Alisema hapo ndipo ubongo unaposikilizia maneno, na kwa Burito panaamka penyewe bila mtu kusema. "Kwake siyo mawazo, ni sauti kabisa kama mnavyonisikia mimi," alisema.

"Mbona picha imesema hana kitu?" Ghati aliuliza.

"Mama, picha tulikuwa tunatafuta uvimbe, na uvimbe hakuna. Wakipimwa wagonjwa wengi kwa pamoja, inaonekana sehemu hiyo kwao imepungua kidogo. Lakini ni kidogo mno, kwa mtu mmoja huwezi kuona. Picha kuwa safi siyo kwamba hana ugonjwa. Asiache dawa."

Hayo maneno nayakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo yaliyotuua baadaye.

Ghati akabuni njia yake. Burito akichanganyikiwa nani anasema, alimshika mkono, akauweka kooni kwake. "Sikia. Sauti yenye mtu inatikisa koo. Isiyotikisa koo, hiyo achana nayo." Na ilisaidia! Vidonge navyo vikaanza kushika. Burito akasema zile sauti zimekuwa kama redio ya jirani. Akaanza kula, akanisaidia hata kubeba magunia. Ghati akanunua kitenge kipya, mwanamke ambaye hajinunuliagi kitu.

Ndipo akaja Bernado, kaka wa marehemu mume wake, kutoka Butiama. Akaomba ile picha, akaiinua dirishani, akaitazama kama anayeielewa.

"Si wamesema kichwa ni kizima? Basi shida haiko kichwani. Ni babu yake, mzee wetu, anadai jina lake. Huyu alizaliwa baada ya mzee kufa, tukampa jina lingine. Mzee anamwita mjukuu wake."

Nilimwambia, "Shemeji, daktari alisema..."

"Dorotea, wewe ni wa ukoo gani hapa?"

Ghati akaanza kufunga nguo za Burito. Mjane atabishana na ukoo wa mumewe kwa mdomo gani?

Wakamchukua Butiama. Mbuzi akachinjwa, Burito akavalishwa kipande cha ngozi mkononi, wazee wakamtemea pombe kifuani kumbariki. Bernado akasema mbele ya watu wote: "Burito amekwisha. Wewe ni Werema. Babu akikuita, itika. Akikutuma, nenda." Sitamsingizia, alisema huku analia. Alimpenda yule kijana. Na Burito naye alifurahi, maana kwa mara ya kwanza watu wazima walikubali kwamba anachosikia kipo.

Lakini ebu fikiri! Mwanzo alikuwa anabishana nazo zile sauti. Anaziambia, nyie siyo watu. Sasa ataanzaje kubishana na babu yake? Wiki haikuisha, akakataa vidonge.

"Babu amesema ni sumu."

"Weka mkono hapa kooni, mwanangu."

"Babu hana koo, mama. Amekufa. Baba mkubwa si amesema anatuita bila koo?"

Na lililomuumiza Ghati kuliko yote ni jina. Akimwita Burito, haitiki, Burito amekwisha. Werema hawezi kutamka. Akabaki kumwita "baba", neno ambalo hata konda wa gari anakuita. Yule babu alimwita kwa jina kutwa nzima. Mama mzazi hakuwa na jina la kumwita. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo nyuma ya nyumba, ananiambia, "Dorotea, wameninyang'anya mtoto, tena mwenyewe nilibeba sufuria za kupikia siku ile ya mbuzi." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nililia tu.

Akampigia Bernado aje alirudishe jina la Burito. Bernado alifika asubuhi, hata chai hajanywa, jirani akaja mbio: kijana wenu yuko ziwani, anaingia.

Tulikimbia mpaka kwenye mawe. Burito alikuwa maji yamemfika kifuani, ametulia, anatembea kama mtu anayeitwa mezani. Hata kuogelea hajui.

Bernado akapaza sauti: "Werema! Werema, rudi!"

"Naam, babu!" Burito aliitika. Alitazama mbele, ziwani. Akaongeza hatua. Sauti ya mzee wa kiume ikimwita jina hilo, angejuaje ni ya nchi kavu? Bernado akashika kichwa, akakaa kwenye jiwe.

"Burito!" Ghati aliita. Wapi. Maji yalifika mabegani.

Ndipo Ghati akaingia ziwani na kitenge chake, na mbele ya shemeji yake, mbele ya wanawake wote wa mwalo, akaita kwa nguvu:

"Werema! Wereeema!"

Burito akasimama. Hakuna mwanamke aliyewahi kumwita jina hilo. Akageuka taratibu, uso umejaa mshangao. Ghati akamfikia, akamshika mkono, akauweka kooni.

"Ni mimi. Ni mimi mama yako."

"Na yeye anasema ni yeye," Burito alisema. Lakini mkono hakuutoa. "Endelea, mama. Ukisema, anapungua. Ukinyamaza anarudi."

Ghati akasema. Alisema kutoka majini mpaka Kitaji. Habari za dagaa, za mvua, za siku aliyomzaa, majina ya kuku.

Vidonge amekubali tena, lakini daktari amesema vitachukua muda kushika, na hakuahidi kitu. Basi Ghati anasema. Wanakaa barazani, mkono wa kijana uko kooni kwa mama, na mama anasema mpaka sauti imekauka imebaki mkwaruzo. Nilitaka kumpokea zamu, nikasema pumzika, mdomo ninao mimi. Burito akaweka mkono kooni kwangu, akasikiliza, akautoa.

"Hapana. Huyu anasikika kama wao."

Jana kapita mama mmoja mgeni, akamtazama Ghati anavyoongea bila kituo, akanisogelea akaninong'oneza: "Maskini, huyu mama ameanza kuugua lini?" Nilitaka kumtukana. Ghati alimsikia, lakini hakuwa na nafasi ya kumjibu.