Kaburi la Mama Lilikuwa na Joto

Mjukuu wangu Salma analea watoto wa Waarabu hapa Doha, na majuzi walisafiri naye hadi kisiwa kidogo cha Ugiriki, kimya, chenye mlima wa moto. Wajukuu wa wenzangu huleta manukato. Wangu, mwenye akili zake, kaniletea jiwe jeusi. Nililiweka dirishani nyumbani kwetu, mtaa wa Abu Hamour. Alasiri nikaligusa, likaniunguza.

"Bibi nawe, mawe ya mlima wa moto ndivyo yalivyo," alinicheka. "Yanashika jua."

Nikakaa chini.

Kwetu Ngazidja, huko Komoro, nako kuna mlima wa moto, na ardhi ni nyeusi vivyo hivyo. Wanawake hawaendi kuzika, lakini mimi nilikuwa mdogo, baba akanibeba. Palinuka marashi waliyomwagia kaburi la mama, na nzi walivuma. Nikaweka kiganja juu ya udongo.

"Baba, mama ana joto. Mtoeni."

Wanaume wakanyamaza katikati ya dua. Baba alininyanyua nikimpiga mateke tumboni, akanipeleka nyumbani.

Nilikua, nikaolewa, baba naye akafa, na hadi jiwe la Salma liliponiunguza niliamini kwamba tulimwacha mama akiwa hai, na kwamba baba alijua.