Ugali wa Mama Moraa Ubaoni

Sitaomba msamaha kwa mfano niliouandika ubaoni. Aibu niliipata, hiyo sikatai.

Nafundisha Kiingereza katika shule moja huku Manga. Siku hiyo nilieleza namna Waingereza wanavyosema kitu "could hardly be" hivi au vile zaidi, yaani kimefika kikomo. Mfano wa kitabuni ulihusu theluji. Nani hapa ameona theluji? Nikawaambia wanafunzi kwamba mfano mzuri hutoka maishani, nikaandika kwa Kiingereza kuwa ugali wa wimbi wa Mama Moraa hauwezi kuwa mgumu zaidi. Moraa ni mchumba wangu, na Jumapili wazee wetu walikuwa waende nami kwao kupeleka posa.

Darasa likacheka. Nikajipongeza kwamba somo limeingia. Nikawasomesha sentensi kwa sauti, wakazidi kucheka, wengine wakifunika nyuso.

"Ongeza, mwalimu!" akaita mmoja wa nyuma.

Nikaongeza kwamba hata jiwe la Tabaka, lile la kuchongea vinyago, ni laini kuliko ugali huo.

"Mwalimu, geuka," akanong'ona msichana wa mbele.

Mlangoni alisimama Mama Moraa. Alikuwa ameleta ndizi jikoni mwa shule, akapita kunisalimu.

"Nisomee kwa Kiswahili," akasema.

Kwetu mama mkwe hataniwi. Lakini ni mimi niliyewahubiria watoto hawa wasiogope ukweli, kwa hiyo sikufuta kitu. Nikamsomea yote.

"Hauwezi kuwa mgumu zaidi?" akauliza polepole. "Jumapili uje na meno yako yote, mwalimu. Utajua kama unaweza."