Siku Niliyosoma kwa Sauti Mgahawani

Nyumbani sikuweza kuandika hata ukurasa mmoja bila kusimama. Mume wangu alikuwa karani wa forodha pale Tunduma, enzi za Mwingereza, na tulipewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi. Asubuhi akishaondoka, na watoto wakishakwenda shule, nilifungua daftari juu ya meza ya kulia na kuchovya kalamu kwenye wino. Mstari wa pili haujaisha, nakumbuka maharage jikoni. Narudi, naandika neno moja, naona vumbi dirishani. Hakuna aliyenisumbua. Nilijisumbua mwenyewe, nikizunguka mle ndani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Nilikuwa naandika habari za mama yangu. Alifariki mwaka uliotangulia, kwetu Ihanda, na tangu tulipomzika nilishikwa na hofu kwamba nitamsahau kidogo kidogo, leo sauti, kesho mwendo. Kabla ya kuolewa nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimefundisha watoto wengi kuandika insha, nikadhani habari za mama zitakuwa kazi ya wiki mbili. Miezi minne ikapita, nina kurasa tatu.

Nikamwambia mume wangu kwamba nataka kujaribu kuandikia kwa yule mama anayeuza kahawa kando ya barabara.

"Mgahawani?" akauliza. "Pale wanapokaa madereva?"

"Nitakaa pembeni."

"Watu watasema mke wa karani hana kazi nyumbani."

"Na wakisema?"

Akavaa kofia yake akaenda kazini. Nikauhesabu ukimya wake kuwa ruhusa.

Mgahawa wenyewe ulikuwa nyumba ya matofali mabichi yenye paa la bati, na mabenchi manne. Mwenye nao alikuwa mjane kutoka Igamba. Watu wengi pale mpakani walikunywa chai, lakini yeye kwao walilima kahawa, akawa anaikaanga mwenyewe kwenye chungu na kuitwanga kwenye kinu, na harufu yake ilikupokea kabla hujauona mlango. Malori ya Rodeshia yalisimama hapo. Madereva waliingia wakiamkia "Mulishani, mukwai," kwa Kibemba, wenyeji wakaitikia kwa Kinamwanga au Kiswahili, na hakuna aliyeomba kufasiriwa.

Siku ya kwanza niliandika ukurasa mzima na nusu. Mguu wangu ulitikisika chini ya meza muda wote, ila sikusimama. Siku ya pili niliona kwamba benchi lililokuwa karibu nami halikaliwi. Siku ya tatu wanaume wawili wenye mizigo mabegani walifika mlangoni, wakaniona, wakageuka wakaenda zao. Waliokuwa ndani walikunywa haraka bila kuzungumza.

Mwenye mgahawa akaja akaketi mbele yangu.

"Mama mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sikufukuzi. Lakini watu wananiuliza unaandika nini."

"Mambo yangu tu, dada."

"Ndiyo hayo wanayoyaogopa. Mumeo yuko forodhani. Wewe unakaa hapa, unamtazama mtu, halafu unaandika. Ungekuwa wewe umevuka na mablanketi mawili hukuyaonyesha kwa karani, ungekunywa kahawa hapa?"

Uso ukaniwaka. Ni kweli nilikuwa nawatazama. Ndivyo nifanyavyo ninapotafuta neno, macho yanaangukia popote. Nikaanza kufunga daftari, kisha nikasita.

"Nikiondoka hivi, wataamini kwamba ndivyo ilivyo."

"Basi wasomee," akasema, akarudi kwenye chungu chake.

Nikasimama. Mle ndani mlikuwa na dereva mmoja, wanaume watatu, na bibi mmoja mwenye kapu la maharage aliyekuwa akisubiri lori la kumvusha kwa binti yake aliyeolewa ng'ambo. Nikasema, "Hizi ni habari za marehemu mama yangu," nikasoma ukurasa wa jana. Ulikuwa na habari za nzige. Nilikuwa na miaka sita hivi walipotua Ihanda. Niliandika jinsi jua lilivyofifia, jinsi shamba letu la ulezi, lile lililopakana na uwanja wa kanisa, lilivyogeuka jekundu likatikisika, na jinsi mama alivyoketi kwenye tuta akalia hadi jioni.

Nilipomaliza, yule bibi akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, baba yako ndiye yule mfua majembe aliyekwenda migodini?"

"Ndiye, bibi."

"Basi mama yako hakulia. Nilikuwapo, shamba letu lilikuwa chini ya lenu. Aliwafukuza kwa nguo yake mpaka mikono ikamwishia nguvu. Halafu akaketi, akacheka. Alicheka mpaka sisi tukamwogopa. Kisha akachukua kapu akaanza kuwaokota. Akasema, wamekula chakula chetu, na sisi tuwale wao. Kwa nini umeandika kwamba alilia?"

Ladha ya nzige wa kukaanga niliikumbuka vizuri, chumvi na ukavu wake, lakini sikuwahi kujiuliza ni nani aliyewaokota. Nilikuwa nimeandika kilio kwa sababu katika vitabu vya shule akina mama hulia.

"Kumbe ni habari za nzige," mmoja wa wale wanaume akasema, akaagiza kahawa. Mwingine akaanza kueleza walivyotua kwao Kamsamba, dereva akamkatiza na za kwao, na kabla sijaketi kila mmoja alikuwa na habari yake, akitaka niiandike. Tangu siku hiyo hawakuniogopa tena. Lakini kuandika pale nako kukanishinda, kwa kuwa kila nikikaa neno la yule bibi linarudi. Kama nimekosea hilo, nimekosea mangapi?

Wiki iliyofuata nikapanda lori la kwenda Ihanda. Nilikaa siku tano, nikipita nyumba kwa nyumba kwa wanawake waliolima jirani na mama. Mmoja alikumbuka kicheko. Mwingine alisema mama aliimba. Wa tatu aliniambia, huku akipepeta ulezi, kwamba mama alikuwa mgomvi sana siku zile, na kwamba walikosana miaka miwili kwa sababu ya kisima. Hilo sikuwahi kulisikia. Nikaomba kigoda, nikaketi karibu naye, nikamwambia aanze na kisima.