Mchezo Aliotuchorea Shangazi Umegeuzwa Ushahidi

Admin, jina langu liache huko huko kwako, maana ndugu zangu nao wanausoma ukurasa huu na mimi sina nguvu ya kugombana tena. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Msamala hapa Songea.

Tulipokuwa wadogo hatukuwa na TV. Shangazi yetu, dada yake baba, aliwahi kupika kwenye nyumba ya masista, akaona huko mchezo wa kete na kadi wa kumtafuta muuaji. Akatuchorea wa kwetu kwenye boksi la sabuni. Nyumba ya mchezoni ina sebule, jiko na ghala la mahindi. Washukiwa ni katekista, mwenye mashine ya kusaga na mama muuza pombe ya ulanzi. Silaha ni mchi, panga na sumu ya panya. Tuliuita Nani Kamuua Mzee. Bibi hakujua kusoma, lakini kwa picha zile alikuwa anatufunga wote, halafu anatusimanga wiki nzima. Baba alichungulia kadi za watu bila aibu. Mimi na kaka zangu wawili tulilala tumenuniana, asubuhi tunaanza tena. Hata wanangu nimewafundisha kwa boksi lile lile. Jamani, nilipendwa siku zile.

Mwaka jana baba alikula ugali na kumbikumbi aliopika shangazi, akainuka kunawa mikono, akaanguka pale pale jikoni. Presha alikuwa nayo miaka yote na dawa alikuwa anaruka, sote tunajua. Hospitali walisema mshipa wa kichwani umepasuka.

Baada ya arobaini kaka mkubwa akaitisha kikao cha ukoo. Nikamwona anatoa lile boksi kwenye kiroba, kumbe alikuja kwangu nikiwa sokoni, akalichukua kwa binti yangu. Akaliweka mbele ya wazee.

"Tazameni wenyewe. Mzee kauawa, jikoni, kwa sumu. Huyu shangazi hili jambo kalipanga tangu sisi watoto."

Mimi nilicheka, nikidhani msiba umemchanganya. Hakuna mwingine aliyecheka.

Nikamwambia, "Kaka, si wewe uliyekuwa unalia ukikatazwa kucheza?"

"Ndivyo alivyotuzoesha," akanijibu.

Mama yetu aliinama tu. Shangazi hana mume wala mtoto. Alikunja kanga zake, wazee wakampandisha gari la kwenda Lusewa siku hiyo hiyo, kwa ndugu wa mbali. Tangu hapo silali vizuri.

Sasa mwezi ujao tunajengea kaburi la baba na kutakuwa na misa. Kaka mkubwa kasema nikimleta shangazi, nisimwite kaka tena, na nyumbani kwake nisikanyage. Mama naye kanibembeleza: "Mwanangu, mimi nakaa kwa kaka yako. Ukimleta, tutaonana wapi?" Mama ni mgonjwa wa moyo, huwa namwona kila Jumapili.

Juzi shangazi kanipigia. Hakulaumu mtu. Kauliza tu, "Kaka yangu mnamwekea marumaru za rangi gani? Alipenda bluu." Nikadanganya kwamba chaji imeisha, nikakata, nikalia mpaka mume wangu akaniogopa.

Nishaurini, nifanye nini? Nikimfuata shangazi, nampoteza mama. Nisipomfuata, na mimi nitakuwa nimesema kamuua baba.